Fundi Aliyesimama Nje ya Dirisha

Siku ile naikumbuka kwa pua, mwanangu, kabla sijaikumbuka kwa macho. Ilikuwa harufu ya plastiki inayoungua, ile inayokwaruza koo, na ilitoka chumbani kwa mama yangu. Naye mama alikuwa amelala humo, mguu umefungwa plasta, hawezi kujiburuta hata mpaka mlangoni.

Lakini ngoja. Nikianzia hapo hutaelewa kwa nini mume wangu, mtu mzima mwenye akili zake, alisimama nje ya dirisha akipiga kelele badala ya kuingia. Na wewe nimesikia unatafuta fundi wa kukufungia sola, na kwamba tayari kuna jamaa wa nyumbani anayesukumwa kwako. Basi keti, chai bado iko.

Kwetu ni Mwala, kule kwa mchanga na mbuzi. Miaka ile ya tisini stima tuliiona kwa mbali tu, kwa watu wa sokoni. Sisi tulikuwa na koroboi, na moshi wake ulikuwa umempa mama kikohozi kisichoisha. Baba akaamua kununua paneli na betri. Kwa paneli hakuna aliyebisha. Maneno yalikuja kwa fundi.

Mjomba Nzioki, kaka yake mama, alimtaja mtu wa Kithyoko aitwaye Mbithi, ambaye alikuwa amemfungia sola dukani kwake. Baba hakutaka hata kusikia.

"Niko na mkwe fundi, halafu niite mgeni?" alisema. "Watu watasema tumekosana na Mutiso."

Mutiso ndiye mume wangu. Alitengeneza redio sokoni Kangundo, na sola alifunga pia. Sisemi hivi kwa sababu nililala naye kitanda kimoja miaka yote hiyo, lakini kazi aliijua. Hilo lishike, maana watu wakisikia habari hii wanadhani alikuwa fundi bandia. Hapana. Mikono yake haikuwa na shida. Shida ilikuwa nthoni.

Nyinyi watoto wa Syokimau sijui kama bado mnaijua. Nthoni, kwetu Wakamba, ni ile heshima yenye aibu kati ya mwanamume na mama mkwe wake. Hawapeani mkono, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anapinda kichakani. Na chumba anacholala mama mkwe, mkwe hakanyagi kamwe. Mama akisikia kengele ya baiskeli ya Mutiso alikuwa anakimbia na sufuria mkononi. Kuna siku alijificha bandani kwa kuku mpaka Mutiso akamaliza chai, na huyo mwanamume akaongezewa kikombe kingine! Tulicheka mpaka tukalia, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia mama aache.

Siku ya kufunga sola mama alikwenda kwa jirani. Mutiso akapanda juu ya paa, akapigilia misumari kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde lake, ili maji ya mvua yateremke kwenye tangi bila kuvuja ndani. Kazi safi. Ndipo baba akasema betri ikae chumbani kwa mama, chini ya kitanda, kwa sababu ya wezi.

Mutiso akakohoa. Akaangalia mbuzi. Kumwambia baba mkwe hapana hakuweza, na kuingia hakuweza. Basi akapitisha waya kwenye tundu la ukuta, akampa ndugu yangu Kioko vifaa vilivyobaki, akamwelekeza akiwa nje.

Kioko kazi yake ilikuwa mkokoteni wa punda. Ukitaka mtu wa punda, hakuna kama yeye. Mutiso akauliza, "Umeweka fyuzi?" Kioko akajibu, "Kila kitu kiko sawa, shemeji!" Fyuzi ni kile kidude kinachokatika chenyewe waya ikizidiwa, ili nyumba isiungue. Kioko alikuwa amekiona, akadhani ni cha akiba, akakitia mfukoni. Jioni taa ziliwaka, baba akapiga makofi. Fundi mwenyewe hakuwahi kuiona betri aliyoifunga.

Miezi ikapita. Mama akateleza mtoni akichota maji, akavunjika mguu. Akawa analala mchana kutwa kwenye kile kitanda cha chuma, na kila akigeuka chuma kinaisugua waya.

Sasa turudi kwa ile harufu. Tulikuwa tumekwenda kumwona, baba yuko malishoni, Kioko yuko safarini na punda wake. Mutiso alibaki uani, mimi nikafungua mlango wa chumba. Moshi mweusi. Chini ya kitanda waya ilikuwa inawaka kama kaa, na ukingo wa blanketi ulikuwa umeanza kushika moto.

"Mutiso! Waya inaungua!"

Nikamsikia akikimbia. Mama naye akamsikia. Akaacha kukohoa, akainua mkono.

"Asiingie! Ndunge, mwambie asiingie!"

"Mama, unaungua!"

"Na niungue! Nimevaa shimizi!"

Mutiso alikuwa dirishani, ameipa nyumba mgongo, kichwa ameinamisha. "Usimwage maji!" alipaza sauti. "Toa waya nyekundu kwenye betri!"

"Hakuna nyekundu! Zote nyeupe!"

Nadhani hapo ndipo alipojua kwamba iliyofungwa kule ndani haikuwa kazi ya mikono yake.

"Kuna fyuzi?"

"Fyuzi ni nini?"

"Basi vuta kibanio cha betri! Chochote! Shika na nguo kavu, vuta!"

Nikafungua leso kiunoni, nikaingia chini ya kitanda kwa tumbo. Moshi ulinifumba macho. Kibanio cha kwanza kilikataa. Mama juu yangu alikuwa anaomba Mungu kwa Kikamba, haraka haraka, halafu sauti ikakatika, akawa anakoroma tu. Nikasikia kishindo mlangoni, Mutiso akisema, "Nisameheni, naingia." Nikavuta kwa nguvu zote, leso ikiniunguza kiganja. Kibanio kikatoka. Waya ikapoa, ikageuka kijivu. Nikalizima blanketi kwa kulikanyaga.

Nilipogeuka, niliona mguu mmoja wa Mutiso ndani ya kizingiti, na mwingine bado nje. Aliurudisha taratibu, akaenda kuketi kwenye mawe ya tangi.

Mama alipopata pumzi aliniambia, "Ule mguu nimeuona. Mwambie namshukuru. Na mwambie asirudie."

Jioni mjomba Nzioki akaja. Hakumgusa Mutiso kwa neno. Alimgeukia baba.

"Ulitaka fundi au ulitaka sifa? Nyumba yako iko na chumba ambacho mtu huyu hawezi kuingia. Wewe mwenyewe hawezi kukuambia hapana. Na akiharibu, nani hapa atamwambia, Mutiso, rudi, umeharibu?"



"Na huyo wako wa Kithyoko je?" baba akauliza.

"Huyo nimeshamgombeza mpaka wateja wakatoka dukani. Kesho yake akarudi na vifaa vyake, akatengeneza, akanywa chai yangu."

Mbithi alipokuja hakuanza na ngazi. Aliuliza nani analala wapi. Akaingia kila chumba, akafunua hata godoro, mama akiwa amebebwa nje. Akamwambia baba usoni, "Mzee, betri hapa hapana." Baba akavimba kidogo, akanywea. Betri ikawekwa sebuleni, ndani ya sanduku lenye kufuli na matundu ya hewa, na fyuzi mahali pake. Na ngazi, mwanangu, aliishika Mutiso, na hakuna aliyemwona mdogo kwa hilo.

Kwa hiyo unisikie. Huyo jamaa wa nyumbani huenda anajua kazi. Usiulize tu kama anajua. Jiulize kama anaweza kukukatalia jambo la kipumbavu ukiling'ang'ania. Jiulize kama atafika mpaka pale waya inapoishia, akaone kwa macho yake. Na siku taa ikizima, utaweza kumpigia ukiwa na hasira na bado arudi? Ukiona utamwonea haya, mkaribishe kwa chakula, kazi mpe mwingine. Undugu wenu utabaki mzima, na nyumba pia.

Kiganja changu bado kina alama, hii hapa, iguse. Mungu akupe mwanga usio na moshi, wazee wako walale bila hofu, na mlangoni kwako wasikose watu wa kukuambia hapana. Haya, nenda salama.