Mnandi wa Karavia

Hasira niliyo nayo ni juu yangu mwenyewe. Mimi ndiye ninayefundisha kikundi cha parokia yetu kupiga picha, na Jumamosi tulikwenda ziwani Karavia kutafuta picha ya jalada la kalenda. Upepo ulikuwa mkali. Kwa mbali, kwenye matete, nikamwona mnandi, yule ndege mvuvi, ametandaza mabawa meusi.

"Papa Honoré! Papa Honoré!" Mama Fébronie, mmoja wa wanafunzi wangu, akapaza sauti akinyoosha kidole palepale.

"Namuona, Mama! Nyamaza, utamufukuza!"

Kila alipofungua kinywa nilimnyamazisha. Nilipiga picha hadi betri ikaisha.

Jana nikaonyesha picha moja ukutani, kubwa, mbele ya padri na kikundi kizima. Nikaeleza polepole, kama kawaida yangu, jinsi mnandi anavyokausha mabawa. "Msiogope kuikuza picha," nikawatia moyo. "Tutazame mguu wake."

Nikakuza. Mguu ulikuwa wa mbao, umepinda mwishoni, umefungwa utepe mwekundu.

"Papa Honoré," akasema Mama Fébronie kwa upole, "leo naweza kusema? Ile njo muamvuli yangu."