Mkunazi wa Malqa

Wenzangu mliokulia Jidda miaka ile mafuta yalipopanda bei, hebu niambieni kama mmelisahau vumbi la saruji. Kila uchochoro unajengwa, kila jirani ana gari jipya, na matunda yetu yanatoka mkebeni yakiwa yameroweshwa kwenye shira. Basi shule zikifungwa, baba alitupakia garini, tukashinda njiani mpaka Riyadh, kwa Ami Salum, mdogo wake, aliyesimamia shamba la matunda Malqa. Wakati huo Malqa ilikuwa mashamba tu, nje kabisa ya mji.

Lilikuwa shamba kwelikweli! Makomamanga, tini, zabibu, na katikati mkunazi mkubwa uliojaa viota vya shore na njiwa. Mke wa Ami, Bi Rukia, Mzanzibari mwenye maneno makali kama pilipili, aliupenda mti ule kama ndugu. Ulimkumbusha mikunazi ya kwao. Sisi tulicheza kibe chini yake, tukigombania matunda yaliyodonolewa, maana ndege haonji tunda bichi. Watoto wa leo wakiona alama ya mdomo wa ndege hulitupa tunda, kisha wakapaka mikono dawa.

Mwaka mmoja makomamanga yakatobolewa mno. Kafili wa Ami, yaani mdhamini wake na mwenye shamba, mzee Abu Fahadi, akaja amefura, akaunyooshea mkunazi bakora yake.

"Salum, faida mafi, mti huu hauna faida! Ndege wanalala hapa, wanakula pale. Ijumaa mti unakatwa, halas."

Alipoondoka, Bi Rukia alilia mbele yetu bila kujificha, nasi tukalia naye. Kisha tukapewa kazi ya kuamia ndege. Tulipiga makopo na mayowe mpaka sauti zikakauka. Ndege wakatuzoea upesi, wakawa wanatutazama kutoka juu kama watu waliokuja kuona ngoma.

Asubuhi moja Bi Rukia akatoka jikoni na karai.

"Nyamazeni! Tangu lini mgeni akapigiwa makopo? Mgeni hupewa maji kwanza."

Ami Salum alicheka mpaka akakaa chini. "Rukia, unawakaribisha ndege?"

"Nawakaribisha. Na wewe ndiye utakayewatekea."

Karai likawekwa chini ya mkunazi, likajazwa maji ya kisima. Ndege wakashuka. Walikunywa, wakaoga, wakarushiana maji, na makomamanga wakayapa mgongo. Kumbe maskini walikuwa na kiu! Tukaongeza masufuria, tukawa tunachota na kumwaga, na kila jioni tunakagua miti kwa wasiwasi.

Ijumaa Abu Fahadi akaja na mtu wa shoka. Alipita mstari kwa mstari, akageuza tunda hili na lile, kisha akasimama mbele ya karai, akawatazama ndege wakioga. Tulishikana mikono, roho juu.

"Salum," akasema mwishowe, "mwambie mkeo mti ni wake. Yalla, mpe huyu wa shoka makomamanga aende zake."

Bi Rukia alipiga kigelegele kilichofika barabara kuu! Nasi tukachukua makopo yaleyale ya kufukuzia ndege, tukayageuza ngoma. Sijawahi kushinda kitu tena kama nilivyoshinda siku ile.

Bi Rukia ametangulia mbele ya haki. Mwaka jana niliwapeleka wajukuu wangu Malqa. Shamba hakuna, ni majumba ya kifahari matupu, na wajukuu wanalalamika kuwa simu zinaisha chaji. Nilikuwa nimekwishakata tamaa nilipouona mkunazi wetu, umesimama kando ya geti la jumba moja. Chini yake dada wa Kikenya, mfanyakazi wa humo, alikuwa akijaza maji kwenye beseni.

"Madam hataki hii ikauke hata siku moja," aliniambia. "Anasema ilikuwa order ya babu yake, mwenye hii shamba kitambo. Mimi hata sijui hii maji ni ya nani."

"Ni ya wageni, mwanangu," nikamjibu.

Nikapiga kigelegele palepale barabarani. Wajukuu wangu wakakimbilia garini kwa aibu.