Neno Moja kwa Upawa wa Pili wa Kastadi

Saa sita na robo mchana, Hazel Pinder ameshika upawa wa kastadi kwenye dirisha la jiko la shule, anamsubiri mwanafunzi aseme neno lenye asili ya Kilatini.

"Lete neno, bata wangu." Hapa Lincolnshire, Uingereza, kila mtu ni bata wa mwenzake.

"Muscle," anajibu Imogen, wa kidato cha pili. "Msuli. Limetoka kwenye Kilatini, maana yake panya mdogo. Ukikunja mkono, Bi Hazel, ni kama panya anakimbia chini ya ngozi."

"Wa kwako bado hajazaliwa. Kula." Anamwongezea upawa wa pili. Foleni inacheka.

Hazel, 64, analiandika neno hilo kwenye daftari linaloning'inia kando ya jiko. Ni la 1,140 katika miaka kumi na tisa. Analipwa pauni 12.60 kwa saa, katika shule ambayo yeye hakuchaguliwa kusoma.

Akiwa na miaka kumi na mmoja alifanya mtihani wa kuingia hapa pamoja na pacha wake, Lynne. Lynne alifaulu. Hazel alipungukiwa alama tatu, akapelekwa shule ya ng'ambo ya mto, wasichana walikofundishwa upishi. Kilatini kilikuwa hapa tu.

"Chumba chetu kilikuwa kimoja," anasema. "Jioni Lynne anafunga mlango, anakariri. Mimi niko kwenye ngazi, nasikiliza." Anafuta upawa. "Sikuililia shule. Nilitaka aniambie anasema nini."

Lynne anaishi Kanada. Kila Krismasi hutumiana kadi zenye sahihi tu.

Jumanne ijayo, saa tatu asubuhi, Hazel atafanya mtihani wa taifa wa Kilatini katika ukumbi huu huu wa chakula. Sarufi amejifunza kwa miaka miwili, kwa vitabu vilivyoondolewa maktaba.

"Ukifeli tena, njia ya jikoni unaijua," Trevor, mpishi mkuu, anamtania.

"Nikifaulu, karoti utamenya mwenyewe."

Matokeo yatatoka Agosti. Lynne hajaambiwa. Kadi ya mwaka huu imeshanunuliwa, imo ndani ya daftari, kwenye ukurasa wa neno "companion": mwenzi, kwa Kilatini, uliyekula naye mkate.

"Nikifaulu, nitamwandikia hilo," anasema Hazel. "Nikifeli, nitatia sahihi tu."