Jiwe Lililobaki

Dada yangu mkubwa ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, kwa hiyo alipohitajika mtu wa kuzungumza na daktari kwa niaba yangu, hapakuwa na mjadala. Macho yangu yalikuwa ya manjano na mkojo mweusi kama chai ya rangi. Mawe yalikuwa yametoka kwenye kifuko cha nyongo, yakaziba mfereji wake.

Daktari, katika hospitali moja ya katikati ya jiji, alinieleza vizuri kwamba hatanipasua tumbo. Angepitisha mpira mwembamba wenye kamera mdomoni hadi pale nyongo inapoingilia utumboni, apanue kidogo ule mlango, kisha ayavute mawe kwa kikapu cha waya huku akiyatazama kwenye eksirei. Nililazwa kifudifudi, nikang'atishwa kidude cha plastiki, nikachomwa sindano. Sikumbuki kingine.

Nilipoanza kuamka, bado nimelewa dawa, dada alikuwa amenishika mkono.

"Imeisha," aliniambia. "Mawe yote imetoka. Mungu ni mwema."

Nililia kwa furaha, mjinga mimi.

Jumapili alinisimamisha mbele ya kanisa letu pale karibu na Adams Arcade. Yeye ndiye kiongozi wa akina mama, nao walikuwa wamefunga na kuniombea. Akatoa ushuhuda jinsi mawe yalivyotoweka kwa maombi. Daktari hakutajwa kabisa, lakini sikujali, kwani nilikuwa mzima. Watu walinishika mabega, wengine wakitokwa na machozi.

Miezi michache baadaye nilianza kujikuna mwili mzima. Nikashuku ni nyongo tena, nikamwambia dada kwamba nataka kurudi kwa daktari.

"Wachana na hiyo," alinijibu. "Shetani anataka kukuibia muujiza wako. Punguza mafuta."

Nikaacha chapati, nikaacha nyama, nikala viazi vya kuchemsha kama mtoto anayeota meno. Nilimwamini. Ningemwamini hata angeniambia nile mchanga.

Asubuhi moja nikiwa kazini Westlands, homa ilinishika nikatetemeka hadi meno yakagongana. Mwenzangu wa ofisini alinikimbiza hospitalini kwa teksi. Daktari aliponiona alishtuka.

"Mbona hukurudi? Si niliambia dada yako jiwe moja ni kubwa, limekataa kutoka? Niliweka mrija wa plastiki nyongo ipite. Ulikuwa urudi nimalizie."

Mrija ulikuwa umeziba, na usaha umejaa nyuma yake. Alisema ningekawia kidogo ningekufa. Akanirudisha mezani, akautoa, akalivunja lile jiwe na kuvuta vipande.

Dada alikuja jioni. Nilimuuliza kama aliambiwa. Hakukana. Akasema alitoka kwa daktari akakuta akina mama wanamngoja nje, wanaimba, na akashindwa kuwaambia kwamba limebaki moja. Alidhani Mungu angemalizia.

Nilikuwa na hasira, ndiyo, lakini kusema kweli nilikuwa tayari kumsamehe. Huyu ndiye aliyenifungia kamba za viatu nikiwa mtoto. Nilingoja neno moja tu, pole.

Alipangusa machozi kwa leso. Kisha akanisogelea, akanong'ona:

"Sasa mimi kanisani nitawaambia nini?"

Nikageukia ukuta, nikamwita nesi, nikamwomba amtoe.