Vichuguu vya Mbegu

Enzi za Waingereza, kila msimu wa pamba mimi na dada yangu tulitoka Mwello kwa miguu umande ukiwa bado majanini, tukaenda kwenye kiwanda cha kuchambua pamba upande wa Tororo. Mashine zetu zilikuwa jirani. Kila mmoja aliilisha yake kwa mikono. Nyuzi zilitoka mbele, mbegu zikadondoka chini. Jioni tulirudi nywele zikiwa nyeupe kwa vumbi la pamba, naye akisema, "Leo tumezeeka pamoja."

Kipimo kilikuwa lile lundo la mbegu. Kabla halijazolewa, nyapara, Mwislamu wa Busia mjini, alisimamisha fimbo yake kando ya kila moja. Malundo hayo sisi tuliyaita vichuguu. Kikiwa kirefu, mashine imetumika vizuri. Kikiwa kifupi, anayeilisha amelala.

Cha dada kikaanza kupungua.

"Mama, hicho hakitoi hata kumbikumbi!" wenzetu wakamcheka.

"Subirini mvua," akajibu.

Nyapara hakucheka. Alisema hali ikiendelea hivyo ataweka mtu mwingine. Dada alikuwa mjane. Watoto wake walikula kwa kazi ile.

"Basi nibadilishane mashine na mdogo wangu," akamwomba. "Siku moja tu."

"Haya, kesho. Mkinichezea, nyote mtarudi kulima."

Njiani nilimwambia nitalisha polepole, ili lundo langu nalo liwe fupi na mashine ilaumiwe. Akasimama.

"Usithubutu. Lisha kama siku zote. Kama uvivu ni wangu, nijue."

Kesho yake, kwenye mashine ya dada, nikalisha kama siku zote, nikiogopa kila konzi ya pamba. Jioni fimbo ikasimama kando ya lundo langu: fupi. Lake, kwenye mashine yangu, lilikuwa refu kama langu la kila siku. Mkanda unaoizungusha mashine ya dada ulipotolewa, nyapara akapapasa lile gogo lililovikwa ngozi, linalovuta nyuzi. Ngozi ilikuwa imelika, laini kama kiganja cha mtoto, haishiki nyuzi tena.

"Kumbe nagombana na ngozi," akasema. Akaagiza mpya, na dada akabaki.

Sasa dada tumemzika kule Kisoko, mvua ikinyesha, nywele zake nyeupe kweli. Matangani watu walimsifu kwa bidii yake ya kazi, kama kila marehemu anavyosifiwa. Mimi sikuwa nasikia sifa. Nilikuwa nasikia jambo ninalolijua, kwa kuwa nilisimama kwenye mashine yake siku moja, wala sikujivuta.