Diski ya Harusi Iliyokwama Kwenye Zawadi

Maximilla alikuwa na vidole vitatu tu kwenye mkono wa kushoto, na mteja mgeni alivitazama hivyo kwanza kabla hajasema shida yake. Mwenyewe hakuvificha. "Vingine mume wangu alivikata na panga huko Webuye," alikuwa akisema huku akiendelea kufuta diski, "na mimi nikammwagia uji wa moto. Leta hiyo yako, inasumbua wapi?" Ndivyo alivyokuwa. Hakutaka huruma ya mtu, na ole wako ukijaribu kumwonea huruma hiyo.

Mimi naitwa Waithira. Nauza mashati ya mitumba kwenye kibanda kilichopakana na chake, hapa Eldoret, na kati yetu kuna bati moja tu, kwa hivyo hakuna ugomvi wake nisioujua. Tulipoanza, watu walisema hatutamaliza mwezi, mimi Mkikuyu wa mdomo na yeye Mbukusu wa ngumi. Basi tumekaa miaka, na wao waliosema wamehama. Tunagombana asubuhi na saa nne tunakunywa chai ya thamosi moja.

Kazi yake ilikuwa kupiga video za harusi na matanga, kuzichoma kwenye diski, na kutibu diski zinazokataa kucheza. Msinicheke, eti siku hizi ni simu. Toka kidogo nje ya mji, nenda Kapseret au Ainabkoi, utakuta deki ya diski sebuleni imefunikwa kitambaa cha kufuma, na harusi ya nyumba hiyo inawekwa kila mgeni akija. Watu hutazama ili waone nani alitoa nini. Zawadi hutangazwa kwa spika mbele ya kamera, na aliyetaja ng'ombe siku ile hawezi kuja baadaye na kuku.

Sasa hawa watu wa huko, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, wana ugonjwa wao. Diski ikikwama, wanaipaka mafuta ya kukamulia, yale ya chuchu za ng'ombe. Na kweli mafuta hufunika mikwaruzo, picha inatembea siku kadhaa, wanamshukuru Mungu. Halafu vumbi linanasa humo na deki haioni tena kitu. Ndiyo maana swali la kwanza la Maximilla lilikuwa moja kwa kila mtu: "Umeipaka nini?" Nimemwona akimzaba mwanamume mzima rimoti ya shavu kwa kujibu "hakuna" na diski yake inanuka zizi.

Kwa hivyo Mama Mabonga alipoingia siku ile na kutoa diski kwenye mfuko wa unga, nilisogea karibu nione vita. Maximilla aliipokea, akainusa, akafungua mdomo. Kisha akaufunga. Alimvutia kiti.

Sote tulijua habari zake. Jina lake ni Tryphosa, na Mabonga alikuwa mtoto wake wa pekee. Kijana huyo alikamua ng'ombe wa Mzee Wanjohi kule Kapseret tangu akiwa mdogo, na mwishowe akawa na pikipiki, akabeba abiria. Wiki iliyotangulia, Kabiru, mtoto wa huyo mzee, alisimama barabarani akapiga nduru kwamba pikipiki ya baba yake imeibwa na mwizi ndiye huyu anayepita. Watu walitoka kila boma. Walimpiga mawe, wakampiga mipini ya majembe. Akatambaa na mguu uliovunjika hadi mlango wa jirani, na jirani akaufunga kwa ndani. Hapo ndipo walipommalizia, kwenye ngazi ya mtu ambaye Mabonga alikuwa akimpelekea maziwa kila asubuhi. Polisi walikuja kuchukua mwili. Pikipiki aliichukua Kabiru, akaiosha damu.

"Mzee ndiye alimpatia hiyo pikipiki," Tryphosa alisema. "Kwa harusi ya Wanja, msichana wake. Kwa spika, na watu wote wakiwa."

"Najua. Si ni mimi nilipiga hiyo video."

"Sasa wote wamesahau. Mzee nikienda naambiwa ni mgonjwa, haoni wageni. Na pasta amesema hawezi kuombea mwizi kanisani. Jumamosi atawekwa tu kwa shimo, hivyo tu, bila neno. Maximilla, mimi sitaki kesi. Nataka mtoto wangu aombewe kama mtu."

Kopi ya Maximilla haikuwepo tena. Stima ilirudi kwa nguvu siku moja ikaunguza kompyuta yake na harusi zote zilizokuwa ndani. Kopi nyingine ilikuwa kwa Mzee Wanjohi, na huko nani angeenda kuiomba? Hii moja Mabonga alikuwa ameinunua yeye mwenyewe, kwa furaha ya kujiona.

"Inafika wapi?"

"Inacheza keki. Inacheza hata watu wakidansi. Ikifika zawadi, inakwama." Tryphosa alitazama chini. "Niliipaka mafuta."

"Nimesikia harufu. Si kitu, mama."

Si kitu! Mimi angenitukana hadi ukoo. Alichukua shati langu la pamba, zuri kabisa, akalirarua bila kuniuliza. Akaosha diski kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande, akaifuta kutoka katikati kwenda ukingoni, mstari kwa mstari, maana kuifuta kwa kuzungusha ndiko kunaiua. Akaiweka kwenye deki. Keki ikaja, dansi ikaja, kisha picha ikavunjika vipande vya mraba na kusimama. Akajaribu deki nyingine, ile kuukuu ambayo husoma hata takataka. Ikasimama palepale.

Aliitoa, akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza. Kisha akajipiga kofi kwenye paji la uso, kofi la kweli, lenye sauti.

Ilikuwa stika. Kila diski yake ya harusi aliibandika karatasi ya mviringo yenye picha ya maharusi, na alijivunia karatasi hizo kuliko video yenyewe. Mafuta yalikuwa yameingia chini yake, karatasi ikavimba upande mmoja na kufanya kinundu. Diski husomwa kutoka katikati kwenda nje, alinieleza, na zawadi ziko mwisho, ukingoni kabisa. Ikizunguka kwa kasi, uzito wa kinundu unaitikisa, na huko ukingoni ndiko inakotikisika zaidi. Jicho la mashine linakosa pa kushika.

"Si ubandue tu," nikasema.

"Nikibandua kwa haraka tabaka za diski zitaachana pembeni. Hapo ndiyo tutakuwa tumemuua mara ya pili. Leta hiyo thamosi na unyamaze."

Aliloweka stika kwa maji ya moto niliyoweka ya chai. Uso wa bibi harusi ukalainika, akausugua kwa kidole gumba polepole, utepe mwembamba baada ya mwingine. Tryphosa alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili. Mimi nilirudi upande wangu kupiga pasi kwa sababu sikuweza kutazama, ila jicho lilirudi lenyewe kwenye tundu la bati. Karatasi ilipoisha, Maximilla aliikausha diski, akaiweka kwenye kompyuta, akaipunguza kasi hadi ya chini kabisa, akairusha mbele moja kwa moja hadi kwenye zawadi. Mashine ikaanza kuguna na kutafuta.

Ndipo Kabiru alipoingia. Tryphosa alikuwa amezunguka Kapseret nzima akiomba deki ya kujaribia, na maneno yalikuwa yametembea. Kabiru alikuwa na helmeti mkononi. Mlangoni nyuma yake alisimama Aloo, rafiki yake, mwendesha boda boda wa Kapseret, na rungu.

"Mama, hiyo diski ni ya kwetu. Toa bila kelele."

"Ngoja isome," Maximilla alisema bila kugeuka.

Kabiru alimpiga na ile helmeti kwenye sikio. Damu iliruka hadi kwenye vitufe vya kompyuta. Nilingoja Maximilla ainuke amtoe meno, maana namjua, lakini hakuinuka, na hilo ndilo lililonitia hofu. Aliikumbatia kompyuta kwa mikono yote miwili, akailalia. Kabiru akampiga mgongoni, akampiga tena, akampiga teke la mbavu. Tryphosa akamrukia mguu, naye akamkanyaga uso.

"Aloo! Ng'oa hiyo waya!"

Aloo hakusogea. Kabiru akaukamata waya wa stima mwenyewe.

Nilikuwa na pasi ya makaa mkononi, imejaa moto. Nilizunguka bati nikamwekea juu ya mkono ule ulioshika waya, nikaikandamiza. Sijutii hata kidogo. Alilia kama ndama, nami nikatamani ingekuwa uso. "Wewe kijana mshenzi!" nikamwambia. "Nenda ukamwonyeshe baba yako!" Akaanguka sakafuni, akiwa ameukumbatia mkono wake.

Na hapo chini ya kifua cha Maximilla sauti ya mzee ikaanza kuzungumza.

Maximilla akajiinua. Sikio lake lilikuwa limechanika. Picha ilikuwa safi, haikutikisika hata mara moja. Mzee Wanjohi alisimama na maiki mkononi, koti la harusi limembana tumbo. "Huyu Mabonga si mfanyakazi wangu tena," alikuwa akisema, "huyu ni mtoto. Hii pikipiki ni yake kutoka leo. Kabiru, kuja umpatie funguo." Na Kabiru akaja, anacheka, akampa funguo, akamkumbatia na kumwinua juu, watu wakipiga vigelegele.

Kisha Mabonga akapewa maiki. Jasho lilikuwa likimtoka kwenye koti la kuazima. Tryphosa alitoa sauti ndogo, akakaribia kioo hadi pua ikakigusa.

"Mimi na mama yangu tulikuja hapa bila mtu," kijana alisema. "Sina ukoo Kapseret. Nyinyi ndio ukoo wangu. Siku nikipata shida, nikipiga nduru, mtakuja?"

"Tutakujaaa!"

Maximilla, mpiga picha mzuri, alikuwa amezungusha kamera polepole kwa watu wote. Alikuwepo yule jirani wa mlango. Alikuwepo pasta. Na mbele kabisa alikuwepo Aloo, mkono juu, mdomo wazi kuliko wote.

Kabiru aliondoka kibandani akipepesuka, na hakuna aliyemfuata. Aloo alibaki mlangoni akiangalia rungu lake kama mtu aliyepewa na mwingine alishike.

"Mama," alisema mwishowe, "mimi nilirusha jiwe moja tu."

Tryphosa hakugeuka kumtazama. Midomo yake ilikuwa imevimba na inavuja damu, naye alikuwa akiangalia kioo, ambapo Maximilla alikuwa amerudisha picha na kumsimamisha mtoto wake, maiki mkononi, anangoja jibu.

Maximilla alichukua kipande cha shati langu, akakikandamiza sikioni. Akavuta diski mpya kutoka kwenye boksi. Kisha akasema kwa sauti ya upole ambayo sikujua kama anayo, "Mama Mabonga, nitakata hapo. Nitaacha ya pikipiki peke yake, ya kuonyesha pasta. Hiyo ya nduru nitoe, usiisikie Jumamosi."

"Usikate," Tryphosa alisema. "Na Jumamosi uje na spika zile kubwa."