Dhamana ya Viti Vikuukuu

Wateja walimwita Bei ya Mwisho, kwa sababu akishataja bei, hata umlilie hashuki. Alianza kwa kuuza makava ya simu barazani, akajifunza kutunga programu kwenye kompyuta yenye kioo chenye ufa. Hakuna aliyemshika mkono.

Saa nne asubuhi mjomba wake, muuza samani, alimtupia mezani lebo iliyochapwa na programu aliyomtungia.

"Mpwa wangu, umenimaliza! Kiti cha lebo hii kimekaliwa na makarani miaka kumi, nayo inasema dhamana miaka mitano!"

"Zimebandikwa ngapi?"

"Zote. Saa saba nafungua mlango. Zikibaki hivi, kazi ya duka la pili natafuta fundi mwingine."

"Mtafute, atakuja kuniuliza mimi. Sogea kidogo, unaniziba mwanga."

Kosa lilikuwa lake, na alilijua upesi. Ili asichoke kuandika, ndani ya programu alitengeneza kiti mzazi, kiolezo chenye miguu minne na dhamana, kisha viti vyote, vipya kwa vikuukuu, vikarithi hapo. Kila kimoja alikiongezea rangi na bei tu. Sifa za lebo zilikusanywa na kitanzi cha for...in, amri inayopitia sifa moja moja, nacho hakiulizi mali ni ya nani: kikimaliza za kiti chenyewe, kinapanda kwa mzazi na kuzoa za huko.

Badala yake akaweka amri ya Object.keys, inayoorodhesha sifa za kitu chenyewe basi. Lebo ya kiti kikuukuu ikatoka safi. Akachapa ya kiti kipya. Dhamana hakuna!

Mjomba akaangua kicheko. "Umetibu jino, umeng'oa taya."

Akarudi kwenye kioo. Kiti kipya kilikuwa bado na dhamana. Ukikiuliza, kinaifuata kwa mzazi na kukujibu. Ila kwenye orodha ya vilivyo vyake mwenyewe, haimo. Basi akaifuta kwa mzazi, akaiandika kwenye kila kiti kipya, kimoja kimoja, vyote arobaini. Miguu akaiacha huko huko juu. Mnunuzi ana macho, ataihesabu bila lebo. Lakini ahadi ya mwenye duka haifai kushuka kimyakimya kama pua ya ukoo.

Saa saba kasorobo wakabandika lebo ya mwisho.

"Duka la pili?" akauliza.

"Lako," mjomba akasema, akifuta jasho. "Ila nipunguzie. Sisi ni damu moja."

"Kupunguza ni sifa ya ukoo, mjomba. Mimi naorodhesha zangu tu."